Kabla Hujachora Banda, Nenda Ukalale Dago

Juzi usiku nimeshazima taa, simu ikalia. Kijana mmoja, mwanafunzi wa usanifu majengo mwaka wa pili, kaniandikia. Salamu ndefu, kaulizia hadi hali ya wazee wangu, halafu ndiyo shida: "Kaka, tumepewa mradi wa studio. Safari, makazi ya muda na mandhari. Wiki ya pili sasa nimekwama. Naomba unisaidie konsepti, wazo la kuanzia." Chini yake kaweka picha aliyoitengeneza kwenye kompyuta. Yai la kioo limekaa juu ya mchanga mweupe, mnazi mmoja umeliinamia, ndani yake Mzungu kajilaza anasoma kitabu.

Nikawasha taa tena. Yai lile nalijua. Nililichora mimi kabla yake.

Nilitaka kumjibu mistari mitatu nikalale, nikashindwa. Nimeona bora niandike hapa, maana najua mko wengi. Kila mwaka lazima awepo mwalimu wa kuwapa huo mradi wa kibanda cha msafiri, na kila mwaka mnakwenda kukwama palepale.

Mie nilikwama mwaka wa tatu, chuo kimoja cha Bara. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Karatasi ya mradi ilikuwa ukurasa mmoja tu: kibanda cha msafiri, kisizidi mita 12 za mraba, kijengwe kwa siku moja na watu wasiozidi 4, kihamishike, kikiondoka kisiache alama ardhini. Saiti, yaani mahali pa kujenga, ni ufukwe wowote wa Unguja au Pemba. Darasa zima likanigeukia. "Huu wako huu, Mpemba!" Nikacheka, kichwa kikanivimba. Kweli, nani atanishinda kwenye bahari?

Basi nikakaa mbele ya kompyuta. Nikakusanya picha za vibanda vya Norway, vya Japani, vya Chile, mamia. Nikachora paipu za aluminiamu zinazokunjuka kama mwavuli, kioo mbele, kitambaa cheupe juu. Nikakipa jina la Kizungu. Modeli ilinila hela ya chakula ya wiki mbili, na wiki hizo nilishindia chai na maandazi. Yaliyobaki mnayajua, kukesha na kuchapisha, sina haja ya kuyasimulia.

Siku ya kuwasilisha, kwenye jopo alikuwamo mzee mmoja mgeni, miwani kaining'iniza kifuani kwa uzi. Wenziwe walisifu picha. Yeye akainuka, akaenda kusimama karibu na mchoro mpaka pua inataka kuugusa.

"Upepo unatoka wapi hapa?"

Nikanyoosha mkono kuonyesha baharini.

"Mwezi gani huo?"

Kimya.

"Maji yakijaa yanafika wapi?"

Nikamuonyesha. Nilikuwa nimepiga mstari mmoja wa buluu, umenyooka vizuri.

"Mstari mmoja? Hii ni bahari au bwawa?"

Watu wakacheka. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Pemba. Pemba wapi? Nikameza mate, nikasema Kojani. Akaivaa miwani yake, akanitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani hajui cha nani.

"Kojani! Na upepo huujui?"

Kwa msioelewa kwa nini lile neno lilinichoma: Kojani ni kisiwa kidogo mashariki ya Pemba, na watu wake wanajulikana pwani yote kwa kitu kimoja, kwenda dago. Dago ni kambi ya wavuvi. Mnapakia chombo nyavu, mchele, chumvi na vyungu, mnafuata samaki, mnahamia kwenye ufukwe wa watu wiki, mwezi, pengine msimu mzima, halafu mnarudi. Wapo wanaokwenda Tanga, wapo wa Mafia na Kilwa, wapo wa Mombasa. Safari, makazi ya muda na mandhari. Yaani karatasi yangu ya mradi ilikuwa inaeleza maisha ya baba yangu, na mimi nilikuwa nachora ya Norway.

Na hapa nikiri jambo ambalo sijawahi kuliandika. Kwenye fomu zote nilizojaza, skuli hadi chuo, palipoandikwa kazi ya mzazi niliandika "mfanyabiashara". Si kwa kukosea. Niliona haya. Watoto wa wenzangu baba zao maafisa, wangu ananuka ng'onda, samaki wa kukausha. Mtu akiniuliza baba yuko wapi, nasema "kasafiri kibiashara", kumbe yuko ufukweni huko kalala chini ya tanga. Kwa hiyo mzee yule aliponiuliza upepo, hakuniuliza swali la usanifu. Aliligusa hilo, ingawa hakulijua.

Nilipata alama 43. Nikatakiwa kurudia mradi likizoni.

Nikarudi nyumbani. Ilikuwa mwezi wa tatu, kaskazi, upepo wa kaskazini, inakatika. Baba magoti yalikuwa yameshamkataza bahari, akanipeleka kwa mdogo wake. Ami ndiye nahodha wa dau lao.

"Unakwenda kufanya nini dago?"

"Kusoma, ami."

"Kusoma nini?"

"Banda."

Alicheka mpaka akashika ubavu wa chombo. "Banda nalo linasomwa? Haya baba, chukua jamvi lako na kamba. Kamba ya usumba, si hizo za plastiki."

Tulifika kisiwani inakaribia Magharibi. Kisiwa chenyewe kiko magharibi ya Pemba, ami kanikataza kukitaja, anasema nikikitaja mtakuja na mahema. Nikatoa daftari nione banda linavyojengwa. Hakuna aliyejenga kitu. Waliteremsha tanga, wakaichukua foromali, lile boriti refu linalobeba tanga, wakailaza juu ya nguzo mbili za panda zilizokuwa zimefichwa kichakani tangu msimu uliopita. Tanga likatupwa juu yake, pembe zikakandamizwa kwa mawe. Basi. Saa nilikuwa nayo mkononi: tangu nanga ishuke hadi birika limekaa juu ya mafiga chini ya paa, dakika 25. Mie nilitumia wiki tatu kubuni paipu za kukunjuka. Wao chombo chao chenyewe ndicho kilichokunjuka kikawa nyumba.

Siku ya pili ndiyo makuti ya kumba yakaletwa, wakasimamisha ukuta wa nyuma upande wa kaskazi. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Kila fundo lilifungwa kwa kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi yale mama zetu huyafukia pwani miezi kadhaa, huyafukua yakinuka, huyaponda, huyasokota. Kamba hiyo ikilowa inajibana. Ya plastiki ikilowa inateleza. Nilivuta fundo moja asubuhi lina umande, likagoma, nikalivuta adhuhuri limekauka, likanikubalia. Niliuliza wakiondoka wanachukua nini. Kamba na makuti mazima, wakanijibu. Nguzo je? Nguzo zinaachwa, zinafichwa, atakayekuja atazikuta, awe Mkojani, awe mtu wa Tanga, awe nani. Hawakati mkoko mpya kila safari.

Nililala na sentensi hiyo. Kwenye mradi wangu nilikuwa nimeandika kibanda "kinahamishika chote". Kumbe wajuzi hawahamishi chote.

Siku ya tatu nikajitia ujuzi. Nikasema na mimi nitajenga langu. Nikachagua pahala pazuri, mchanga laini, jua linazama mbele yangu kama kadi ya posta. Ami alipita na ndoo ya maji baridi, akasimama. "Hapo si pako," akasema, akaendelea na safari yake. Sikumuuliza kwa nini. Nina mwaka wa tatu chuo kikuu, nimuulize nini?

Mkisikia bamvua, yaani maji makubwa, la mwezi wa tatu ndilo bamvua. Maji ya kwetu yanapanda na kushuka karibu mita 4 wakati huo, na yanajaa saa kumi, ya alasiri na ya usiku. Ya alasiri ile yaliishia hatua nne kutoka mlangoni pangu, nikajiambia yamekoma. Saa kumi usiku niliamshwa na kaa kanipanda shingoni. Nikanyoosha mkono kutafuta simu, mkono ukaingia ndani ya maji. Jamvi linaelea. Daftari la michoro limekwenda, kiatu kimoja kimekwenda, chaja imekwenda. Kule juu wenzangu wanakoroma.

Asubuhi ami hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinishika mkono akanionyesha majani yale yanayotambaa mchangani, yenye maua ya zambarau. "Unayaona haya? Haya hayalali na maji ya chumvi. Weye lala nyuma yao." Tangu hapo nikiingia saiti yoyote ya pwani sianzi na ramani. Natafuta yale majani yameanzia wapi.

Halafu siku ya saba. Huu wakati wenyewe ni tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi, upepo wa kusini, haijaingia sawasawa, upepo hauna ahadi. Kabla ya Alfajiri mvua ikaja kutoka kusini, yaani upande ule ule tuliouacha wazi. Nikasema leo tumekwisha. Ami akainuka na shuka yake kiunoni, akafungua mafundo manne, akaunyanyua ule ukuta wa kumba mzimamzima pamoja na mwenziwe, wakazunguka nao, wakaufunga upande wa pili. Akarudi kulala. Hata hakuwasha taa. Nguzo hazikuguswa wala paa halikuguswa. Ukuta umehama.

Nilikaa macho mpaka jua likatoka. Huo ndio mradi, nikajua. Paa linalokuja na chombo, nguzo zinazoachwa ardhini, ukuta mmoja unaofuata upepo. Nikaupima wote kwa vipimo vyao, dhiraa na pima, pima moja ni mikono minne. Foromali ilikuwa pima tatu, na banda likawa pima tatu. Kila kitu kinatokana na kilichopo. Na si dago tu. Ukiingia nyumba za Mji Mkongwe utaona vyumba virefu lakini vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu boriti ya mikoko haifiki mbali zaidi ya hapo. Tulifundishwa jambo hilo darasani, nikaliandika, nikafaulu mtihani wake, na sikulielewa hata chembe mpaka nilipolala chini ya foromali.

Chuoni nikarudi na modeli ya chelewa za ufagio na kipande cha tanga bovu la ami, linanuka dagaa. Nilianza kwa hadithi ya kisiwa cha Misali, ile ya mtukufu aliyefika akawaomba wavuvi msala wa kusalia, wakawa hawana, akasema basi kisiwa hiki ndicho kitakuwa msala wangu. Nilidhani nimeanza vizuri sana, kwani kuna msafiri gani zaidi ya huyo, aliyeifanya ardhi yenyewe kuwa msala wake? Nusu ya jopo walikuwa wanatazama simu.

Mmoja wao aliponyanyua uso alisema maneno ambayo naweza kuyasoma kwa moyo hadi leo: "Hiki ni kibanda cha wavuvi. Usanifu uko wapi?"

Miaka sita imepita. Nimeshajenga nyumba za watu wenye hela, nimeshapewa mkono na wakubwa, na bado nikiwa peke yangu kwenye gari najibizana na yule mtu.

Aliyenitetea alikuwa mzee wa miwani. Akawaeleza habari za Shigeru Ban, msanifu wa Japani. Baada ya tetemeko la Kobe la 1995 alijenga nyumba kwa mabomba ya karatasi ngumu, na msingi wake ulikuwa kreti za bia zilizotiwa mifuko ya mchanga. Kabla ya hapo, akasema, wakimbizi wa Rwanda walipewa vyuma vya aluminiamu vya kusimamishia mahema, wakaviuza, wakaenda kukata miti. Ndiyo Ban akaleta karatasi. Mtu huyo 2014 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika kazi hii. Halafu mzee akanigeukia: "Ile aluminiamu yako ya kwanza ingekuwa imeshauzwa mjini Chake Chake, Pemba, kabla ya Ijumaa." Nikapata 68. Mie nasema ilistahili zaidi, na nitasema hivyo mpaka kesho.

Sasa nasema nanyi, wadogo zangu. Msinitafute usiku kuniomba konsepti. Konsepti haiombwi kama chumvi. Nenda ukalale. Ukiambiwa uchore makazi ya msafiri, safiri. Ukiambiwa ufukwe, nenda ufukweni na usirudi jioni kwenye hoteli, lala palepale, ulowe, uumwe na mbu. Mwanafunzi aliyelala saiti usiku mmoja anamzidi aliyetazama picha mwezi mzima. Hili si la kubishana nami.

Ukifika, uliza upepo kwa miezi. Usiulize "upepo unatoka wapi", uliza "mwezi wa saba unatoka wapi, na mwezi wa kumi na mbili je?" Muulize mtu ambaye akikosea anakufa, si mtu ambaye akikosea anafuta. Pima kwa mkono wako kabla ya futi. Na ukiambiwa "hapo si pako", uliza kwa nini! Mie sikuuliza, nikanunua viatu vipya.

Tatizo letu, na nalisema kwa uchungu, ni kwamba tunaona cha kwetu ni cha kukimbia. Mtoto wa mvuvi anachora yai, mtoto wa mkulima anachora kontena. Mnadhani mwalimu atakustaajabia? Picha ile keshaiona kwa wanafunzi wa kila nchi. Kitu ambacho hajakiona ni baba yako.

Najua kuna atakayesema mie sina baharia kwetu. Sawa, lakini banda la muda halipo baharini tu. Msimu wa karafuu nenda kambi za wachumaji, uone watu wa mbali wanavyolala na wanavyozianika karafuu kwenye majamvi, na mvua ikidondoka tone moja ni kipi kinachoingizwa ndani mwanzo, watu au karafuu. Nitakwambia: karafuu. Nenda mashamba ya mpunga ukapande dungu la kufukuzia ndege. Nenda Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya, wanajenga kibanda cha makuti makusudi, mtu anaingia ndani, kinatiwa moto, anachomoka mbio. Kibanda chenye maisha ya nusu saa! Hilo nalo ni makazi ya muda, tena mtu angeweza kulifanyia mradi mzima, sijui kwa nini hakuna aliyethubutu. Lakini usilichore ukiwa Dar. Nenda.

Na msiniambie mambo hayo hayana soko. Mwaka jana kinamama wa mwani wa kijiji kimoja cha kwetu walinifuata wenyewe. Mwani umekuwa zao la biashara Zanzibar tangu 1989, na wengi wanaoulima ni wanawake. Kwenye bamvua maji yanakupwa saa nne asubuhi, jua linapasua, na wao wamekaa mchangani wanafunga mbegu kwenye kamba. Walitaka kivuli. Niliwachorea banda lile lile la ami, paa la mapolo, yaani magunia, yaliyoshonwa badala ya tanga, nguzo zinazoachwa, ukuta mmoja wa kumba. Walisimamisha manne kwa siku moja, na mimi nilichofanya siku hiyo ni kushika ngazi. Mmoja wao akaniuliza, huku anakaza fundo ambalo mie nililifunga vibaya, "Mwanangu, huko chuo ulisomea hiki?" Nikamwambia ndiyo, mama. "Miaka mingapi?" Mitano. Akatikisa kichwa, akaendelea kukaza.

Yule kijana wa yai nilimtumia maelezo haya kabla sijayaweka hapa. Kanijibu saa nane usiku, kumbe naye halali: "Kaka, lini?"

Nikampigia ami. Anatweka bamvua hili likishaanza kuvunjika. Nafasi chomboni zipo mbili, moja keshaichukua kijana. Atakayetaka ya pili aje na jamvi, mchele kilo tano na kamba ya usumba pima kumi. Ami anasema huyo mwenye yai ruhusa kulileta, ila alale nalo pale nilipolala mie.